Filta ya oili ya Hilux: ipi uchukue na ipi uiache dukani kama unabadilisha mwenyewe nyumbani

Wakuu, hapa naongelea Hilux za dizeli tunazozijua wote, D-4D yenye injini ya 2KD ya 2.5 au 1KD ya 3.0, ila mengi yatafaa hata kwa hizi mpya zenye injini za GD. Kama una Ford Ranger ya 2.2 au 3.2 mambo ni tofauti, ile inatumia karatasi tupu inayokaa ndani ya kikombe na mfuniko wake, sio kopo la kuzungusha.

Namba moja ni Toyota halisi, lakini nimesema halisi, na uhalisi wake uko kwenye kaunta uliyonunulia kuliko kwenye boksi. Ukiwa Dar nenda Toyota Tanzania pale Nyerere Road, wape namba ya chesesi, wakutolee yenye namba inayoanza na 90915, lipa, chukua risiti, basi. Bei inauma kidogo ila unamwaga karibu lita saba za oili ya injini ya dizeli kila km 5,000, sasa unaweka oili ya maana halafu unabania kwenye kopo la kuichuja, kwa faida gani?

Namba mbili naweka Sakura ya Indonesia na VIC ya Japani, sitaki kuzigombanisha, chukua inayopatikana kwa wakala karibu yako. Kwa gari ya mizigo ya kila siku mi naona zinatosha kabisa, na ukiwa mkoani mara nyingi ndo utazikuta kirahisi. Nazo zinafekiwa, usijidanganye.

Tatu, Bosch na Mann za Mjerumani. Ubora hauna ubishi, shida ni kupata namba yenyewe ya Hilux, muuzaji akianza "hii inaingia tu bosi, meno ni yale yale" ondoka. Filta inaweza kuingia kwenye meno vizuri kabisa na bado oringi yake (ile raba ya duara inayozuia oili isivuje) ikawa na kipenyo kingine, au valvu ya ndani ikafunguka kwa presha isiyo ya injini yako.

Nne, yale makopo ya bei chee yasiyo na jina la maana. Sikushauri, ila kama umekwama porini bora hilo, ukifika mjini unalitoa. Angalau hapo hujadanganywa, umelipa hela ndogo na unajua umenunua kitu kidogo.

Ya mwisho kabisa, chini hata ya hizo, ni "Toyota" ya kichochoroni, boksi zuri, stika inang'aa, bei nusu. Hii ni mbaya sababu utaiamini na utaendesha nayo hadi mwisho wa sevisi.

Dukani fanya hivi, fungua boksi uchungulie tundu la katikati na vile vitundu vidogo vinavyolizunguka, kwa ndani lazima kuwe na raba inayovifunika. Ibonyeze na njiti, iwe laini na irudi yenyewe. Raba hiyo ndo inazuia oili isirudi chini ukizima gari, ikiwa ngumu au haipo asubuhi utasikia injini inagonga kwanza na taa ya oili inachelewa kuzima. Oringi nayo iwe imekaa kwenye mfereji wake bila kupinda.

Afu ile uliyotoa usiitupe, ikate na msumeno wa chuma, ivute karatasi uitazame. Mikunjo michache, iliyokaa hovyo, gundi imeachia pembeni, ushajua duka la kutorudi. Na wenye 1KD mnisikilize vizuri, ukikuta vipande vyeusi vya masizi magumu hapo tatizo sio filta tena, washa za shaba (zile pete) za nozeli zinazopuliza dizeli zinaweza kuwa zinavujisha moshi kwenye oili, na masizi hayo yanaziba chujio la ndani ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, injini inakosa oili inakufa, hata ungeweka filta ya dhahabu. Peleka kwa fundi kabla hujaendelea na safari zako.

Kwenye kufunga hakuna maajabu. Hakikisha oringi ya zamani haijabaki imeganda kwenye injini, maana zikikaa mbili oili itamwagika yote, paka mpya oili kidogo, zungusha kwa mkono hadi iguse kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Renchi ya filta ni ya kufungulia tu. Na ukiwa kaunta pale nunua kabisa na washa ya nati ya kumwagia oili, ni hela ndogo sana. Oili chafu weka kwenye dumu, mafundi paa wanaitafuta wapake mbao mchwa wasile.