Soli nene au soli nyembamba kwa mkimbiaji wa Uganda?

Kila hatua ya mbio hupiga ardhi kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kiatu hakiifuti nguvu hiyo. Huchangia kuamua ni sehemu gani ya mguu itakayoibeba.

Soli nene ya sponji, yenye kisigino kilichoinuka milimita 10 hivi kuliko vidole, humruhusu mtu kutua kwa kisigino bila maumivu. Shavu la mguu hupumzika, goti likabeba zaidi. Tena ulaini una mipaka: mguu ukihisi chini ni laini, hukakamaa, na pigo halipungui kama wengi wanavyodhani.

Soli nyembamba, bapa, huelekea kufupisha hatua na kumfanya mtu atue kwa mbele ya wayo. Goti hupata nafuu, mzigo ukahamia kwenye kano ya kisigino. Kijana wa Kapchorwa aliyekua akikimbia pekupeku kwenye udongo wa Mlima Elgon ana kano zilizozoea kazi hiyo. Karani wa Kampala hana, na lami haina huruma. Yeye namshauri aanze na soli ya wastani. Nyembamba aiingize dakika chache chache.

Ukinunua kiatu cha mitumba Owino, soko la Kampala, bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na ina mikunjo ubavuni, unene huo ni wa macho tu. Kiache, hata bei ikivutia.