Wakala wa ajira wa Sinza: vyeti wanakagua kweli, mchujo wao una walakini

Ukiwa na kiwanda kidogo Vingunguti, Dar es Salaam, kutangaza nafasi moja ya mtunza stoo ni kujitafutia balaa. Kesho yake getini utakuta foleni, na nusu yake ni wapwa wa mlinzi. Ndiyo maana bosi alikubali tutumie wakala wa ajira, ofisi yao iko Sinza, ghorofa ya tatu. Jina naliacha, kwa sababu nina la kuwasema.

Nianze na yaliyoniridhisha. Mwombaji hatoi hata mia; ada ni ya mwajiri, sawa na mshahara wa mwezi mmoja kwa kila anayepata kazi, na akiondoka ndani ya muda wa majaribio wanaleta mwingine bure. Vyeti wanakagua, na mwajiri wa zamani wanampigia simu kweli, siyo wale wanaokurushia CV kwa WhatsApp halafu utajua mwenyewe. Mkataba wao wa mfano uko kwa Kiswahili: saa 45 kwa wiki, likizo siku 28, uzazi siku 84. Hapo sina neno.

Tatizo ni mchujo. Nilitaka watu wa stoo na dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Majina yaliyofika mezani kwangu yote ya vijana wa kiume, wengi wao wametoka chuo kimoja. Nikaomba fomu za waombaji wote. Ukurasa wa kwanza, chini ya tarehe ya kuzaliwa, kuna kisanduku cha kabila, kinafuata cha dini, kisha hali ya ndoa, na kwa wanawake peke yao: "Una mtoto chini ya miaka miwili?" Mama mmoja aliyewahi kuendesha foklifti bandarini alijibu ndiyo, na jibu lake likazungushiwa wino mwekundu. Leseni anayo, na kwa uzoefu aliwapita wote niliopelekewa.

Nikamuuliza kaka anayetuhudumia. "Dada, wateja wengi ndivyo wanavyotaka." Wateja wakitaka, ndiyo nini? Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa kabila, dini, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mengineyo. Kinamlinda hata anayeomba kazi tu, na wakala wa ajira nacho kinamhesabu kuwa mwajiri. Kwa hiyo kujificha nyuma ya mteja hakupo.

Halafu hiyo ghorofa ya tatu haina lifti. Sisi tuna wafanyakazi zaidi ya 20, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inatutaka tuwe nao angalau asilimia 3, nami niliwaambia hivyo mapema. Kijana anayetembea kwa magongo wakamfanyia usaili chini, kwenye benchi la mama ntilie, bodaboda zinapita, mafuta ya chapati yanachemka kwa kelele jikoni, kila swali anaomba lirudiwe. Wenzake walikuwa juu, kwenye kiyoyozi. Kwenye ripoti wakamwandika "mzito kuelewa". Hapo nilikasirika.

Nilipogoma kulipa, walisikia. Awamu ya pili CV zilikuja na namba tu, bila jina wala picha, na jaribio likafanyika stoo kwetu: kila mtu paleti zilezile, njia ileile. Mama wa bandarini alizipanga bila kugusa hata ukuta, akapata kazi. Kijana naye tumemchukua, anashika kumbukumbu za mzigo kwenye kompyuta. Fomu nilivyopita juzi ilikuwa ileile, imerundikwa mapokezi.

Nitawatumia tena kwa kuhakiki vyeti na kuandaa mikataba. Mchujo nafanya mwenyewe, tumeandikiana hivyo, na ada wamepunguza. Ukienda, wahi asubuhi. Mchana pale chini hamna pa kuegesha gari, na Jumamosi wanafunga saa saba.