Achari za Marikiti: ndimu na birimbi wameweza, embe bado

Jumamosi nilienda Marikiti hapa Mombasa kununua bizari za pilau tu, nikarudi na chupa nne za achari kutoka kijiduka cha mama mmoja ambaye anatengeneza mwenyewe. Nazungumzia achari ya kulia wali jamani, sio ile ya embe kavu ya rangi nyekundu na sukari wanayonunua watoto pamoja na mabuyu.

Naanza na ndimu kwa sababu hapo ndo mtu anapimwa. Ndimu imepasuliwa mara nne lakini kitako hakikuachana, ikashindiliwa chumvi ikaanikwa mpaka ganda likageuka kahawia na kulainika, yani ukiibonyeza na kidole inaachia yenyewe. Uchungu wa ganda umeisha kabisa, unapata uchachu na chumvi halafu pilipili inakuja nyuma polepole. Nimeila na wali wa nazi na samaki wa kukaanga, sikutaka hata mchuzi.

Birimbi ndo zimenishangaza zaidi, maana siku hizi watu wana mbirimbi uani na matunda yanaozea chini tu. Hizi zimekaushwa zikasinyaa kama zabibu kavu, kali, zimeshika manjano vizuri, na nyingine nimezitia kwenye mchuzi wa papa badala ya ukwaju ukatoka mchuzi wa maana.

Karoti na pilipili ni sawa tu, ile ya siki ya kutengeneza leo ukala kesho, inakwenda na viazi karai.

Sasa embe. Mafuta yake mazuri, uwatu na haradali unazionja, thomu haikuungua, lakini embe lenyewe lilikatwa limeshakomaa, nyuzi zinaingia kwenye meno. Embe la achari linatakiwa bichi kabisa, kokwa bado laini kisu kinapita. Halafu kifuniko cha bati kimeanza kutu kwa ndani, na chumvi na ule uchachu vinakula chuma, kwa hiyo hii sikuendelea kuila. Nilirudi nikamwambia, akaipokea bila maneno, akanipa ndimu nyingine na akasema atatafuta vifuniko vya plastiki.

Kilichonifanya nimwamini ni hiki: kulikuwa na mtungi mkubwa wa ndimu pale nyuma bado rangi ya kijani, nikataka anipimie humo, akakataa. "Hiyo bado mwanangu, jua halijaiingia, rudi baada ya wiki mbili." Angeweza kuniuzia na nisingejua.

Ukinunua, chota na kijiko kikavu, tone moja tu la maji linaleta ukungu chupa nzima. Mimi nishaweka oda ya ule mtungi, chupa mbili, moja ya mamangu.