Juzuu kwa mkupuo au kurasa 4 kila baada ya swala

Msahafu, yaani Kurani, una juzuu (sehemu) 30, na anayetaka kuukhitimu, yaani kuusoma wote, kwa mwezi ana njia mbili. Ya kwanza ni kusoma juzuu nzima baada ya Alfajiri, nyumba ikiwa bado imetulia. Utamu wake ni mkubwa, lakini siku niliyochelewa kuamka niliikosa yote, na kesho yake deni likanitia uvivu. Ya pili ni kurasa 4 baada ya kila swala ya faradhi, ambazo kwa swala 5 hutimia kurasa 20, takriban juzuu moja. Humo ndimo nilimoiona nafsi yangu: baada ya Adhuhuri mkono huitafuta simu kabla sijamaliza tasbihi. Kwa anayeanza upya naipendelea hii, ijapokuwa Magharibi, kwa ufupi wa wakati wake, hunibana.