Ol Njorowa au Ngare Sero: korongo lipi linakutoa jasho zaidi?

Anayetaka kushinda siku nzima ndani ya korongo la mto, akiwa Kenya huelekezwa Ol Njorowa, katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Akiwa kaskazini mwa Tanzania huelekezwa Ngare Sero, kijiji kilicho kati ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron. Yote mawili yamo katika Bonde la Ufa, yote unaongozwa na kijana wa Kimaasai wa pale pale, na yote hutangazwa kuwa ni matembezi mepesi. Wepesi huo una masharti. Ol Njorowa ndilo gumu zaidi, na ukiangalia urefu wa njia peke yake hutaona kwa nini.

Korongo la Ol Njorowa lilichongwa na maji yaliyokuwa yakitoka Ziwa Naivasha enzi kina chake kikiwa juu sana kuliko leo. Yalikata tabaka za jivu na mawe laini ya volkano, na ndiyo sababu kuta zake zimelainika na kupinda, na sehemu nyingine zinakaribiana kiasi cha kuzigusa zote mbili ukinyoosha mikono. Mahali pa kushikia ni pachache. Panapokuwa na kidato kirefu, unategemea vishimo vilivyochongwa mwambani na kuliwa na nyayo za watu, pengine na kamba au mkono wa mwongozaji.

Hapo ndipo wengi hukwama, na kosa huwa lile lile: mtu anakaa kitako na kuteremka akitazama mbele. Akifanya hivyo kisigino kinatangulia, hakioni kishimo, na uzito wote unaishia kwenye viganja. Geuka, uso uelekee ukutani. Shusha mguu mmoja mpaka ncha ya kiatu ikae ndani ya kishimo, jaribu kama kinabeba, ndipo uhamishe mkono. Viungo vitatu vibaki vimeshika mwamba muda wote. Kabla ya kukanyaga, pangusa changarawe kwa kiatu, kwa kuwa punje zile juu ya jiwe kavu huteleza sawa na tope. Mtu mfupi au mtoto hafikii baadhi ya vishimo, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumpokea chini. Begi liwe dogo na libane mgongoni, maana likining'inia pembeni linakuvuta nje ya ukuta.

Kuna pia maji ya moto yanayochuruzika kutoka kwenye kuta, kwani eneo lote la Olkaria, lilimo korongo hili, lina mvuke wa ardhini. Usiweke mkono panapong'aa unyevu kabla hujauliza. Panapopita maji hayo pana ute wa kijani, na kiatu chenye soli iliyokwisha hakifai kabisa.

Ugumu wa pili huanza kabla hujafika. Kutoka lango la Elsa hadi kituo cha askari wa hifadhi juu ya korongo ni kama kilomita 8 za barabara ya vumbi, na wengi huzikata kwa baiskeli ya kukodi. Ni safari nzuri, unapita mwamba mrefu wa Fischer's Tower huku pundamilia wakila majani karibu na barabara, lakini kumbuka unarudi njia hiyo hiyo jua likiwa kali na mapaja yamechoka. Jaribu baiskeli pale pale langoni: bana breki zote mbili, badilisha gia ukiwa unakanyaga, inua kiti mpaka goti likaribie kunyooka. Kiti kilicho chini ndicho kinachomaliza magoti ya watu. Mwenye shaka na nguvu zake aende kwa gari hadi kituoni, nguvu azitunze kwa ajili ya korongo. Chakula kisiachwe mezani pale kituoni, nyani wanakisubiri.

Halafu kuna mvua, na hapa hakuna mzaha. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba wa kikundi cha kanisa ndani ya korongo hili. Septemba 2019 yakaua watu saba tena. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya juu, maji yote hukusanyika katika mfereji huu mwembamba, na kimo kinapanda haraka hata kama juu yako hakuna tone. Muulize mwongozaji tangu mwanzo akuonyeshe sehemu za kupanda kutoka nje, na uzihesabu kadiri mnavyosonga. Mawingu mazito upande wowote, maji yakianza kuwa ya kahawia au kubeba vijiti: tokeni. Askari akisema korongo limefungwa, zungukeni hifadhi kwa baiskeli mrudi siku nyingine.

Ngare Sero ni habari nyingine. Mto una maji mwaka mzima, na njia ya kwenda kwenye maporomoko inafuata bonde lake, ukiuvuka mara kadhaa na kupita vipande vya kingo nyembamba kando ya ukuta. Kwenda ni kama saa moja, kurudi hivyo hivyo. Kina kwa kawaida ni kati ya kifundo cha mguu na mapaja. Mikono haina kazi kubwa. Kazi ni ya vifundo vya miguu, kwa sababu mawe ya chini ni ya duara na huyaoni vizuri maji yanapokwenda kasi. Vuka ukiwa umeelekea yanakotoka maji, fimbo mbele yako, mguu mmoja kwa wakati, bila kupishanisha miguu. Fungua mkanda wa begi kiunoni ili ukianguka uweze kulivua. Usivue viatu. Ndala zinachukuliwa na maji. Katambuga (kiatu cha tairi) iliyofungwa vizuri kisiginoni, au raba kuukuu, ndiyo inayofaa.

Kinachowashinda watu Ngare Sero ni joto. Ziwa Natron liko mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati Ol Njorowa iko karibu na mita 1,900, na tofauti hiyo unaihisi kooni. Ondoka alfajiri, uwe umerudi kijijini kabla ya saa tano asubuhi. Beba lita tatu za maji kwa kila mtu. Wanaopanda Lengai usiku na kuunganisha maporomoko mchana wa siku hiyo hiyo hufika mtoni miguu ikitetemeka, na ndio wanaoanguka. Lala kwanza, uende kesho yake. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu ni mbovu na ndefu, kwa hiyo kutoka Arusha kwenda na kurudi siku moja si mpango wa busara.

Kwa mtoto wa miaka minane aliyezoea maji, Ngare Sero ni bora. Anayeogopa mahali pembamba vilevile. Asiyeweza kabisa kusimama kwenye mkondo achague Ol Njorowa wakati wa kiangazi, mradi mikono yake ina nguvu.

Kuhusu malipo, lango la Hell's Gate halipokei fedha taslimu, na mwongozaji analipwa kando. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya tangu Juni 2020, kwa hiyo njoo na chupa ya kujaza. Ngare Sero kuna ushuru wa kijiji na ada ya mwongozaji. Kubaliana naye bei kabla hamjaondoka, na uchukue risiti ya ushuru.