Mdahalo wa urais Kenya kwenye TV: nyota 3 kwa 5

Watu huandika rivyu za hoteli na simu lakini hii huduma ya mdahalo wa urais tuko nayo tangu 2013 na inatakiwa itusaidie kuchagua mtu wa kutuongoza miaka mitano, basi wacha niiandikie. Nyingi ziko YouTube, nimezirudia.

2013 ndio bora, hakuna ubishi. Februari 11 pale shule ya Brookhouse Nairobi, wagombea wote wanane wamesimama, Linus Kaikai na Julie Gichuru wanauliza, na stesheni kubwa zote zinaonyesha kitu kimoja kwa hivyo hata ukibadilisha chaneli uko palepale. Uhuru Kenyatta akaulizwa laivu ataongozaje nchi na kesi yake iko ICC, ile mahakama ya kimataifa ya jinai. Raundi ya pili Februari 25 ikaingia mambo ya mashamba, akaulizwa ardhi ya familia yake kule Taveta na ikabidi ajibu. Sisi watu wa Pwani jamani, mambo ya shamba watu wamezeeka wakiuliza, si kila siku unaona mkubwa ameshikwa na swali hilo mbele ya nchi nzima. Kwa hiyo tu natoa nyota moja na roho safi.

Sasa je inabadilisha kura? Kwa wale wawili wakubwa, Uhuru na Raila Odinga, mimi sioni, watu wao walikuwa wameshaamua kitambo. Lakini angalia Mohamed Abduba Dida, mwalimu ambaye wengi hawakuwa wanamjua kabisa, usiku mmoja tu nchi nzima inamtaja, akapata kura 52,848 akampita Martha Karua aliyekuwa waziri na akabaki na 43,881. Bila TV hiyo haingetokea, naamini kabisa. Shida ni kwamba Peter Kenneth naye alijibu vizuri sana, kila mtu akamsifu, akaishia 72,786 wakati Uhuru ana zaidi ya milioni 6. Yaani sifa alipewa, kura zikaenda kwingine.

2017 na 2022 ndipo huduma ilipoharibika. 2017 Uhuru hakutokea, Raila akaongea peke yake, na bado Uhuru ndiye akatangazwa mshindi wa ule uchaguzi wa Agosti ambao baadaye Mahakama ya Juu iliufuta. 2022 ikawa zamu ya Raila kususia, Ruto akabaki na Yvonne Okwara na Eric Latiff, akashinda kwa 50.49%. Mmoja alikosa akatangazwa, mwingine alikosa akashindwa, kwa hivyo huwezi kuniambia kususia ndiko kulikoamua. Anayeumia ni mpiga kura, maana mtu mmoja mbele ya maikrofoni ni mahojiano tu, hakuna wa kumwambia hapo umedanganya.

Nyota ya mwisho nimeinyima kwa sababu ya lugha na hii inaniuma sana. Karibu muda wote ni Kiingereza! Kampeni mnakuja Likoni, Kisumu, Garissa mnatuomba kura kwa Kiswahili, halafu siku ya maswali magumu mnahama lugha, mama mboga afuate vipi hesabu za deni la taifa? 2027 wekeni hata nusu ya mdahalo kwa Kiswahili, watangazaji wa kuuliza wapo wengi tu.

Kama una muda wa kuangalia mmoja wa 2022, ruka ule wa urais, tafuta wa wagombea wenza wa Julai 19, Karua wa Raila na Gachagua wa Ruto, wote wawili walikuja wakajibizana uso kwa uso.