Risasi kuingia si kuenea: uzoefu wangu na fundi aliyenikagulia bunduki ya mitutu miwili

Nililipia ukaguzi kamili. Nilichorudishiwa ni bunduki kuukuu inayong'aa ndani na nje, na ndiyo maana naandika nikiwa na hasira. Mtutu wa zamani ukirudi kutoka kwa fundi unang'aa kama kioo, swali la kwanza ni moja: chuma kilichoondoka ni kiasi gani? Yeye hakuwa na jibu kwa sababu hakupima, si kabla ya kusugua wala baada.

Ila kilichoniudhi zaidi ni chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Nilimuuliza ina urefu gani. Akachukua risasi ya milimita 70, akaitumbukiza, akafunga bunduki, akasema: "Kaka, si imeingia? Si imefungika? Sasa unataka nini tena?"

Nataka mtu anayejitangaza kuwa fundi bunduki ajue hili. Urefu ulioandikwa kwenye pakiti ni wa ganda likishapigwa na mdomo wake kufunguka. Risasi ya 70 ambayo haijapigwa ina kama milimita 58 tu, kwa hiyo itaingia kwenye chemba ya 65 bila kugusa popote. Ikipigwa, mdomo uliokunjwa unafungukia kwenye shingo, pale chemba inapobana kuelekea mtutu. Hapo haupati nafasi, kizibo na marisau (punje zinazorushwa) vinalazimika kupita kwenye tundu lililopungua, na shinikizo linapanda. Utaona mdomo wa ganda umechanikachanika na teke limekuwa zito. Mtutu unaweza usipasuke siku hiyo wala mwaka huo. Kinachoumia kimyakimya ni bawaba na kufuli, na kwenye mtutu mwembamba unacheza na vidole vya mkono wako wa kushoto, ule unaoshika mitutu.

Na jibu lilikuwa limegongwa kwenye chuma! Toa ubao wa mbele (mti ulio chini ya mitutu), ikunje bunduki kwenye bawaba, ng'oa mitutu, igeuze uangalie sehemu bapa zilizo chini ya chemba. Hii ni ya Liège, Ubelgiji: ina ELG, alama ya majaribio ya huko, ndani ya umbo la yai lenye taji, ina PV yenye simba juu, maana yake imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, ina 65 ya chemba na 18.2 ya kipenyo cha mtutu. Kusoma hayo ni kazi ya dakika 1. Kama namba zimefutika, kata kipande cha bati chenye upana wa milimita 20.3, kisukume taratibu ndani ya chemba ya geji 12 (saizi ya bunduki hii), kitakwama pale chemba inapoishia. Weka alama, kitoe, pima kwa rula.

Sasa hiyo 18.2. Nimepima kwa kipimo cha ndani, kiasi cha sentimita 23 kutoka nyuma, nikapata 18.5. Vishimo vya kutu vimeondoka, ndiyo, na sehemu ya ukuta wa mtutu imeondoka navyo. Kwa kanuni za Uingereza, mtutu uliopanuka takriban robo milimita kuzidi kipimo chake cha alama umeshatoka kwenye uhalali wa majaribio yake, na huu umepita hapo. Nilipotaja unene wa ukuta akanionyesha mdomo wa bunduki: "Ona chuma kilivyojaa." Mdomoni kuna choki, yaani tundu limebanwa makusudi, lazima chuma kionekane kimejaa. Ukuta hupimwa katikati ya mtutu, mbele ya chemba hadi kabla ya choki, pande zote, kwa sababu mtutu unaweza kuwa mnene upande mmoja na mwembamba mwingine. Chini ya nusu milimita mimi sisogei karibu nayo.

Nikiwa mkweli, triga alizifanyia kazi nzuri. Ya mbele inaachia kwenye kilo 1.7, ya nyuma kilo 2, safi, bila kukwaruza. Nilijaza maganda ya mazoezi, nikakokea, nikagonga kitako kwa kiganja, na hakuna nyundo iliyoanguka. Ni jambo kubwa, maana meno yaliyolika ndiyo yanayofanya teke la mtutu wa kwanza kufyatua wa pili. Nilikuwa nimeshakata shauri kumpa nyota tatu kwa ajili ya triga peke yake.

Halafu nikakumbuka alivyopima kulegea. Alitikisa bunduki ikiwa na ubao wa mbele! Springi ya ubao huo inasukuma mitutu dhidi ya mwili, inaficha uchakavu wote. Utoe kwanza, ndipo ushike mitutu na kitako utikise, juu na chini, kisha pembeni. Nilipoutoa, nilisikia kugongagonga kidogo mkononi. Wenzo wa juu, ule wa kufungulia bunduki, nao umeshavuka katikati kwenda kushoto, wakati bunduki mpya huuweka kulia kidogo. Basi nyota moja, na hiyo ni ya triga.

Anayetaka kununua bunduki ya namna hii aning'inize mitutu kwa kulabu yake, aigonge kwa ukucha. Ikilia kama kengele, ukanda unaoiunganisha umeshika. Ikitoa sauti ya kopo, umeachia, na unyevu umeingia ndani. Nakshi zilizofifia kwa kupigwa msasa, vichwa vya skrubu vilivyoliwa na bisibisi, ufa nyuma ya ulimi wa chuma unaoingia kwenye mti wa kitako: kila kimoja kinashusha bei. Kung'aa hakuipandishi hata kidogo. Mitutu yenye mawimbi ya Damascus (ya zamani, iliyosokotwa kwa vipande vya chuma) na alama za baruti nyeusi pekee usiitilie risasi za kisasa, hata muuzaji aape.

Katika kuitumia, sefti (kizuizi cha usalama) ya nyingi kati ya bunduki hizi hushika triga tu, nyundo haiigusi, kwa hiyo tembea imefunguliwa. Chungulia mitutu kila unapojaza. Risasi ya geji 20 ikichanganyika mfukoni na za 12 itateleza ikwame mbele ya chemba, ya 12 itaingia nyuma yake kama kawaida, na hapo mtutu hupasuka. Marisau ya chuma yaache kabisa, choki ya zamani haiyavumilii.

Nilipolalamika, fundi alijitolea kunirefushia chemba iwe 70, bure. Yaani anyoe chuma tena, palepale shinikizo linapokuwa kubwa, kwenye mtutu ambao hajaupima. Nimeichukua bunduki yangu. Ukuta ukipimwa ukafika 0.6 kila mahali, bawaba ikakazwa na mitutu ikafaulu majaribio mapya, itakula risasi za 65 zenye gramu 28. Usipofika, mitutu haitafungwa tena kwenye kitako.